Kuongeza volti kwenye kadi ya grafiki ya GTX 1060 ya mtumba: je, nilehemu rezista au niache?

Mchoraji wa Rau, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri katika jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa wiki mbili, na naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, kwa sababu najua swali la kwanza mtakaloniuliza ni vifaa vyangu ni vipi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kuwatengenezea wateja picha za jinsi nyumba zao zitakavyoonekana zikikamilika. Kompyuta yangu ni ile ya ofisini ya mtumba, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, ambayo niliinunua bila kadi ya grafiki, kisha mwaka jana nikaiongezea GTX 1060 yenye memori ya gigabaiti 6, nayo pia ya mtumba. Picha moja ya sebule kwenye Blender, programu yangu ya kutengenezea picha hizo, hunichukua dakika 14 na sekunde 20. Kwa picha moja si neno, lakini mteja akitaka kuzungushwa ndani ya nyumba yake kwa video fupi, mashine hukesha siku mbili tatu mfululizo, na mimi hukesha nayo.

Nimekuwa nikitazama video za watu wa nje wanaolehemu rezista ndogo kwenye kadi zao, kisha kadi inakwenda kwa kasi ambayo kiwanda hakikuikusudia. Mmoja alibandika rezista juu ya rezista nyingine, mwingine akaunga waya mwembamba wenye rezista ya kuzungusha kwa bisibisi, na wote wawili walisema wanaongeza volti. Mimi mwenyewe nimeshajaribu kuovakloki, yaani kuipandisha kadi mwendo kupita kiwango cha kiwanda, kwa programu ya MSI Afterburner. Nikiongeza megahezi 150 kwenye chipu, Blender hujifunga baada ya dakika tatu au nne; nikiongeza 100 inakubali, lakini mwendo unaanza kwenye 1,900 na kitu halafu unateremka wenyewe hadi 1,740, joto likiwa nyuzi 83, na dakika hazipungui kwa kiasi cha kusema.

Ninayo pasi ya kulehemu ya wati 60, na nimeshabadilisha kapasita za redio na chaja nyingi tu bila kuharibu kitu. Je, nikiongeza volti kwa mkono naweza kupata asilimia 15 au 20 ya kasi? Na rezista iwe ya thamani gani? Pawa saplai ni ile ile iliyokuja na kompyuta, na kadi naipa umeme kwa adapta ya waya niliyouziwa dukani.

Hesabu Kwanza, Arusha

Ndugu Mchoraji, karibu. Kabla ya rezista inabidi nitenganishe mambo mawili ambayo video hizo zimeyachanganya, kwa kuwa moja kati ya hayo halihusiani na volti za chipu hata kidogo.

Ile rezista inayobandikwa juu ya nyingine inawekwa kwenye kile kinachoitwa shanti. Kadi hupima umeme inaoula kwa kuupitisha kwenye rezista yenye ukinzani mdogo mno, mara nyingi miliomu 5, kisha inasoma tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili. Zikipita ampea 10, tofauti hiyo huwa milivolti 50, na kadi hukokotoa kwamba kwenye njia ile ya volti 12 inatumia wati 120. Ukilehemu juu yake nyingine ya miliomu 5, ukinzani wa pamoja unakuwa miliomu 2.5, milivolti zinakuwa 25, na kadi inaamini kwamba inakula wati 60 ilhali bado inakula 120. Umemhonga msoma mita, basi. Volti za chipu hazijaguswa. Kilichoondolewa ni kikomo cha wati, na pamoja nacho ulinzi wote uliokuwa ukikitegemea.

Yule wa rezista ya kuzungusha ndiye anayeongeza volti kweli. Hilo nitawaachia waliowahi kulifanya, kwani najua kuna mmoja humu ambaye hawezi kulipita bila kusema neno.

Sasa tuje kwenye kadi yako. GTX 1060, iliyotoka Julai 2016, iliwekewa na Nvidia kiwango cha wati 120, na volti ya juu kabisa ambayo programu inaruhusiwa kuifikia ni 1.093. Kitelezi cha volti cha Afterburner, hata ukikivuta hadi asilimia 100, hufungua tu vidato vichache vya mwisho, kutoka 1.062 hivi hadi hapo. Huwezi pia kuikwepa kwa kuandika upya bayosi, ile programu ya msingi iliyohifadhiwa ndani ya kadi, kwa sababu kuanzia kizazi hiki bayosi iliyochezewa haikubaliki kama ilivyokuwa kwa zile GTX 900 za kizazi kilichotangulia ambazo watu walizirekebisha watakavyo. Kwa hiyo ni kweli kwamba anayetaka kuvuka 1.093 hana njia isipokuwa solda.

Tuseme umeivuka na umefika 1.2. Nguvu inayoliwa na transista, zile swichi ndogo ndogo za chipu, zinapojiwasha na kujizima hupanda sambamba na masafa, yaani megahezi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Gawanya 1.2 kwa 1.093, jibu ulizidishe kwa lenyewe, utapata takriban 1.205. Kama volti hizo zimekusaidia kutoka megahezi 2,000 hadi 2,100, zidisha tena kwa 1.05, na utaona kwamba umelipa takriban asilimia 27 ya nguvu zaidi kwa ajili ya asilimia 5 ya kasi. Hapo sijahesabu umeme unaovuja kwenye transista hata zikiwa zimetulia, ambao huongezeka kadiri chipu inavyozidi kuwa ya moto.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi katika maelezo yako ni ule mteremko wa kutoka 1,900 hadi 1,740. Kadi za kizazi hiki hujipandisha zenyewe kadiri zinavyopata nafasi, na hujiteremsha kwa hatua za megahezi 12 au 13 joto linapopanda. Nyuzi 83 ndicho kikomo chake cha kawaida. Kadi yako inagonga ukuta wa joto, na wewe unafikiria kuiongezea moto. Sehemu kubwa ya kasi unayoitafuta imo tayari ndani ya kadi. Uliinunua, ila huipati.

Naomba ufungue programu ya GPU-Z, ukurasa wa vipimo, mstari unaoitwa PerfCap Reason, wakati Blender inafanya kazi. Ukiona Thrm, kinachokuzuia ni joto. Ukiona Pwr, ni kikomo cha wati. Ukiona VRel, ni volti, na hapo ndipo mjadala wa rezista unapoweza kuwa na maana. Tuletee ulichokiona.

Mzee wa Penseli, Sakina, Arusha

Nimetajwa, basi niseme.

Mimi ni katika watu walioufanya upuuzi huu kwa raha zao. Nilikuwa na 8800 GT, kadi iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2007, ambayo chipu yake ilikwenda megahezi 600 na feni yake ilikuwa nyembamba kama chapati. Wakati huo hatukuwa na kitelezi cha volti. Tulifanya hivi: kwenye kadi kuna saketi inayoshusha volti 12 kuwa volti moja na kidogo kwa ajili ya chipu, na saketi hiyo hujiangalia kupitia pini moja iitwayo pini ya mrejesho. Volti inayotoka hugawanywa na rezista mbili, na kidhibiti huhakikisha kwamba katikati ya rezista hizo pana kiwango kile kile siku zote, kwa mfano volti 0.6. Ukiipunguza thamani ya rezista ya chini, ile inayokwenda kwenye hasi, kidhibiti kinadhani volti zimepungua, kwa hiyo kinaziongeza hadi katikati parudi kuwa 0.6.

Chukua mfano wa rezista mbili za kiloomu 1 kila moja: volti inayotoka ni 1.2. Unga kiloomu 20 sambamba na ile ya chini, nayo inakuwa 0.952, na volti inapanda hadi 1.23. Ndiyo maana kanuni yetu ya mtaani ilikuwa kuanza na rezista ya kuzungusha yenye thamani mara 20 ya ile uliyoipima, ukiwa umeizungusha hadi mwisho wa juu kabla ya kuwasha. Mtu akisahau na kuiacha kwenye sifuri, pini ya mrejesho inaungana na hasi, kidhibiti kinaona sifuri, kinafungua bomba lote, na kadi inakufa kabla hata feni haijazunguka mara ya pili. Nimeliona kwa macho yangu, kwa bahati nzuri kwenye kadi ya mtu mwingine.

Sisi wengine hatukuwa hata na solda ya kuaminika, tukatumia penseli. Risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Ulikuwa unapaka juu ya rezista kwa 2B, mistari michache, unapima kwa mita, unapaka tena. Ukizidisha unafuta kwa pamba. Nilifika megahezi 720 nikajiona nimeshinda bahati nasibu. Kilichonishinda ni kwamba grafiti haitulii: joto, vumbi na unyevunyevu huibadilisha thamani, kwa hiyo volti nilizoziacha Januari sizo nilizozikuta Aprili. Usiku mmoja wa masika mosfeti moja, transista kubwa ya saketi ile ya volti, ilitoa moshi na harufu ambayo mke wangu huitaja mpaka leo. Sijutii, kwa sababu nilijifunza umeme kuliko nilivyojifunza darasani, lakini kadi ile haikuwa ikinilipia ada za watoto.

Mdogo wangu, kuhusu mkono wako: redio na chaja ni shule nzuri, ila hapa pana darasa jingine. Rezista za kadi ya sasa zina urefu wa milimita moja, nyingine pungufu. Bodi yenyewe ina matabaka mengi ya shaba yanayonyonya joto, kwa hiyo utaweka pasi na risasi haitayeyuka, utaongeza muda, utasukuma kidogo, na kipande cha shaba kitang'oka pamoja na rezista. Pasi ya wati 60 yenye ncha ya redio ni sawa na kushona hariri kwa shazia ya gunia. Tena, kwenye kadi za siku hizi chipu yenyewe ndiyo inayokiamuru kidhibiti volti za kutoa kwa kila hatua ya mwendo, hivyo ukikidanganya kidhibiti, unapandisha volti zote kwa pamoja, hata zile za wakati wa kupumzika.

Mchoraji wa Rau, Moshi

Mzee wa Penseli, shikamoo. Ndugu Hesabu Kwanza, ahsante sana. Ile hesabu ya mraba niliirudia kwa kikokotoo mara mbili kwa kutoamini.

Nimepima kama nilivyoelekezwa. Kasha likiwa limefungwa, Thrm inatokea baada ya dakika mbili na haiondoki. Nikiondoa kifuniko cha pembeni na kuelekeza feni ya mezani ndani, joto linashuka hadi nyuzi 76, mwendo unapanda hadi 1,810 hivi, na badala ya Thrm naona Pwr ikija na kupotea. VRel sijaiona kabisa.

Katika kupapasa ndani nimegundua pia kwamba adapta ya umeme wa kadi huwa na uvuguvugu. Ni ile ambayo upande mmoja ina pini 6 zinazoingia kwenye kadi, na upande wa pili ina plagi moja pana na nyembamba, ile inayoingia kwenye waya wa diski ya SATA. Sidhani kama ni tatizo, nimeitaja tu.

Fundi wa Ngarenaro

Zima hiyo mashine usiku huu huu, ndugu yangu, na usiiwashe na hiyo adapta tena. Nilikuwa nasoma mjadala huu kimya kimya nikifurahia hesabu za watu, lakini hapa sina budi kuingia.

Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15, na kati ya hizo tatu tu ndizo za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 ya kadi ya grafiki imeahidiwa wati 75. Aliyekuuzia adapta hiyo ameunganisha bomba la nusu inchi kwenye tangi linalotegemea bomba la inchi moja. Sloti ya mazabodi nayo, ambayo watu husema inatoa wati 75, kwa upande wa volti 12 mwisho wake ni ampea 5.5, sawa na wati 66. Zinazobaki ni za njia ya volti 3.3. Jumlisha 54 na 66 unapata wati 120 kamili, yaani kadi yako inaishi ukingoni hata kabla hujagusa kitelezi chochote, na hiyo ni kama mzigo utagawanyika sawasawa, jambo ambalo haliko hivyo, kwa sababu kadi nyingi huilisha chipu zaidi kupitia ule waya.

Mkumbuke kilichotokea mwaka 2016 RX 480, kadi ya AMD, ilipotoka: wapimaji waligundua kwamba inavuta kwenye sloti kuliko inavyoruhusiwa, na AMD ikalazimika kutoa draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, Julai mwaka huo ili kuupunguza mvuto huo. Hiyo ilikuwa kadi mpya kwenye mashine mpya. Yako ni ya mtumba kwenye mtumba.

Adapta hizi nazikuta mezani kwangu mara kwa mara, nyingi zikiwa zile ambazo plagi yake imemiminwa plastiki nzima. Ndani waya za njano na nyeusi hukaribiana mno, plastiki ikilainika kwa joto zinagusana. Ulichokiita uvuguvugu huenda ni plastiki inayoanza kulainika. Kama ungefuata zile video ukaondoa kikomo cha wati kwa shanti, hicho kitu kingewaka ukiwa umelala, na hii ndiyo sababu sipendi watu wafundishwe shanti kabla ya kufundishwa waya.

Tafuta pawa saplai yenye waya wake yenyewe wa pini 6 au 6+2, usiisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, soma jedwali dogo la ampea. Nimeshika saplai iliyoandikwa wati 500 ambayo njia ya volti 12 ilikuwa na ampea 18. Zidisha, ni wati 216. Kwa mashine yako tafuta angalau ampea 30 kwenye volti 12. Angalia pia plagi ya mazabodi, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini za umri huo hazitumii ile ya pini 24, na utahitaji kebo ya kubadilishia. Ukishafunga, endesha Blender kisha upime kwa mita waya wa njano dhidi ya mweusi: inatakiwa usome kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, rudisha saplai dukani ukiwa bado una risiti.

Jambo la mwisho ni umeme wa ukutani. Saplai huvuta wati zile zile hata volti zikipungua, kwa hiyo jioni ambayo 230 inakuwa 180, ampea zinazoingia hupanda karibu asilimia 28, na saplai dhaifu hufia hapo. Kwa kazi ya kukesha weka stabilaiza, au UPS kama mfuko unaruhusu.

Hesabu Kwanza, Arusha

Nakiri kwamba niliisoma ile sentensi ya adapta kwenye swali la kwanza na nikaipita. Ahsante, Fundi.

Ukishapata saplai, ndugu Mchoraji, nakushauri uende kinyume kabisa na ulichokuja kuuliza, yaani upunguze volti. Kwanza fungua kadi, safisha vumbi, futa pesti kavu ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozeo chake, na upake mpya, kwa sababu kadi ya umri huo pesti yake imeshakuwa unga. Kisha fungua Afterburner na ubonyeze Ctrl na F kwa pamoja ili uone grafu ya volti na masafa. Tafuta nukta ya volti 0.900, ipandishe hadi 1,847, halafu nukta zote zilizo kulia kwake zishushe zilingane nayo, mstari ulale kama meza. Kadi itafika hapo na haitaomba volti zaidi.

Kwa hesabu ile ile ya awali, kutoka volti 1.05 kwa 1,900 hadi 0.9 kwa 1,847, sehemu ya nguvu inayotokana na transista kujiwasha na kujizima inapungua kwa takriban asilimia 29, wakati mwendo umepungua kwa chini ya asilimia 3. Na kwa kuwa wewe ulikuwa unaishia 1,740, kwako hata huo upungufu haupo. Usiichukulie namba yangu kama amri, kwani chipu mbili za siku moja na kiwanda kimoja hazifanani. Ikigoma kwa 1,847, shuka hatua moja moja, au ongeza volti hadi 0.925.

Jaribu kwa kazi yako halisi. Programu za kupima kama Superposition ni nzuri kwa kuanzia, lakini kadi inaweza kupita kipimo cha dakika kumi kisha ikakuharibia fremu ya 212 saa tisa usiku. Rudia picha ile ile ya sebule mara kadhaa na uzilinganishe. Ukiona chenga, pembetatu za ajabu au doa jeupe ambalo halikuwepo, mwendo umezidi. Kwenye memori uwe mwangalifu zaidi, maana GDDR5, aina ya memori iliyomo kwenye kadi yako, ina uwezo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya, kwa hiyo ukiipandisha kupita kiasi huenda usione chenga yoyote bali kasi ikapungua kimya kimya. Panda megahezi 50 kwa 50, na pale ambapo dakika zinaacha kupungua rudi nyuma hatua mbili.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wale wa video hawalijui. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile inabeba hewa chache zaidi. Sisi tunaokolewa na baridi. Ninyi wa Moshi mko chini zaidi, feni zenu zina nafuu kidogo, lakini joto la Januari na Februari huko ni habari nyingine. Ukitafuta mwendo wa juu kabisa mwezi wa Julai, utakuwa umejipimia nguo ya baridi.

Mchoraji wa Rau, Moshi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, kwani kupata saplai kulichukua muda kuliko nilivyotarajia. Hatimaye nimepata ya ampea 38 kwenye volti 12, pamoja na kebo ya kubadilishia ya mazabodi. Kwa mzigo wote mita inasoma 12.05.

Nilipoifungua kadi, pesti ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na kati ya mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupooza chipu, nilitoa vumbi la kujaza kifuniko cha chupa. Kadi iligoma kwa 0.900, Blender ikajifunga kwenye picha ya pili, lakini kwa 0.918 inakwenda 1,847 bila kutetereka, kasha likiwa limefungwa, joto nyuzi 67. GPU-Z sasa inaonyesha VRel tu, jambo lililonichekesha, kwa kuwa sasa ndiyo ninayo ile hali ambayo mngeweza kuzungumza nami habari za rezista. Sebule imeshuka kutoka dakika 14 na sekunde 20 hadi 13 na nusu. Nilipoongeza megahezi 350 kwenye memori nilipata sekunde nyingine 16. Kwa 500 dakika zilianza kupanda tena, kama nilivyoonywa.

Hazikufika asilimia 15, lakini feni haisikiki, na video ya sekunde 20 niliyoikabidhi juzi ilimalizika bila mimi kuamka usiku. Swali langu dogo lililobaki ni kwa Mzee wa Penseli: hamu ya kulehemu haijaisha. Je, kuna kadi ya bei ndogo ambayo naweza kujifunzia?

Mzee wa Penseli, Sakina, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Ninazo kadi mbili zilizokufa ndani ya sanduku, mojawapo ni ile ile ya moshi. Ukipanda Arusha Jumamosi yoyote, njoo na mita yako. Tutaanza kwa kutafuta pini ya mrejesho bila umeme, na pasi tutaigusa siku ya pili. Pasi yako iache nyumbani, nitakupa yangu yenye ncha nyembamba.

Fundi wa Ngarenaro

Saplai umechagua vizuri. Ile adapta ya SATA usimwuzie mtu wala usimgawie, hata akikuomba kwa upole. Ikate.

Mchoraji wa Rau, Moshi

Nimeikata vipande vitatu leo asubuhi. Plagi nimetupa, waya wa njano nimebakiza wa kwenda nao Sakina.